TDA2030 ikizidiwa na spika: msaada wa TIP41 na TIP42

Korosho zikishauzwa, sherehe Mtwara hazihesabiki, na amplifaya ndogo hubebeshwa spika kuliko uwezo wake. Chukua TDA2030, aisii (IC) ya kukuza sauti, yenye transfoma ya 12-0-12: baada ya daraja la dayodi unapata kama volti 16 chanya na 16 hasi, na kilele cha sauti ni takriban volti 12. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huitwa omu 4, lakini ukipima koili ya kila moja utakuta kama 6, kwa hiyo kuna wakati mzigo halisi unashuka hadi 3. Hapo zinatakiwa ampea 4, na TDA2030 hujibana kwenye 3.5. Sauti inakwaruza, aisii inachemka, inajizima, ikipoa inarudi.

Msaada wake ni transista mbili, TIP42C na TIP41C, kila moja ya ampea 6. Weka rezista ya omu 1.5, wati 2, kati ya umeme chanya na mguu wa 5 wa aisii. Nyingine kati ya umeme hasi na mguu wa 3. TIP42: emita kwenye umeme chanya, bezi mguu wa 5. TIP41: emita kwenye umeme hasi, bezi mguu wa 3. Kolekta zote mbili zinakutana na mguu wa 4, penye waya wa spika. Mkondo ukifika kama ampea 0.4, rezista inabeba volti 0.6, transista inafunguka na kuchukua ziada.

Usitegemee sauti ipande. Gaini, yaani kiasi cha ukuzaji, ni ileile ya rezista za mrejesho za 22k na 680; unachopata ni sauti isiyokatika mzigo unapokuwa mzito.

Kwenye hitisinki, bati la kupozea, ndiko vifaa vingi vinakofia. Mgongo wa TDA2030 umeungana na mguu wa 3, yaani umeme hasi; mgongo wa TIP ni kolekta, yaani spika. Ukizifunga pamoja bila mika (kipande cha kuhami umeme) na bila kikombe cha plastiki kwenye skrubu, umeme hasi unaingia spika moja kwa moja na koili inaungua. Joto lenyewe linaweza kufika wati 17, na hewa ya huku tayari ni ya moto: mapezi yakae nje ya boksi, yamesimama wima.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme wa ukutani, spika ikiwa imetolewa. Mguu wa 4 usome karibu na sifuri, milivolti chache tu. Kila rezista ya 1.5 isome milivolti 60 hadi 90. Ikisoma 600 bila muziki, aisii inajitetemesha yenyewe: angalia rezista ya omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 0.22 pale kwenye spika, na kapasita za 100n za umeme.

Spika nne usiziunge zote sambamba. Omu 2 zinataka ampea 6 au zaidi. Unga mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo sambamba, unarudi omu 8.

Kinga ya aisii haizilindi TIP. Nyuzi moja ya waya ikigusa pembeni, zinakufa. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa spika, na kwa vyombo vinavyopigwa karibu na bahari kama Shangani ya Mtwara, lehemu waya badala ya kutegemea soketi. Chumvi huzila haraka.