Kabla ya Kununua Rangi: Kukarabati Nyumba kwa Fedha Kidogo

Mtu mwenye fedha kidogo anayetaka kuboresha nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe huanza, mara nyingi, na kile kinachoonekana: rangi mpya, pazia jipya, taa ya kupendeza. Ninaelewa kwa nini, kwa sababu rangi hubadilisha sura ya chumba kwa siku moja, ilhali hakuna mgeni atakayelisifu gata lililozibuliwa. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kukarabati nyumba ninayoishi, chumba kimoja baada ya kingine, nina msimamo ambao sijapata sababu ya kuubadilisha: bajeti ndogo haina budi kuanzia kwenye maji, kisha nyufa, na rangi ije mwisho kabisa. Anayeanza na rangi hujikuta akiinunua mara mbili.

Ukuta unaobabuka karibu na sakafu, unaotoa unga mweupe wa chumvichumvi au unaoota kuvu nyeusi nyuma ya kabati una maji yanayoingia au yanayokwama mahali fulani, na kupaka rangi juu yake ni kuyafunika tu. Lililo muhimu ni kujua yanatoka wapi, na kwa hilo liko jaribio ambalo halina gharama. Kata kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipo kuacha upenyo, kisha ukiache kwa siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, tatizo ni mvuke wa ndani, yaani ule wa kupika, kuoga na kuanika nguo, ambao hugeuka maji unapokutana na ukuta wa baridi. Dawa yake ni kufungua madirisha, kufunika sufuria na kulisogeza kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma yake. Matone yakiwa upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, basi maji yamo ukutani kwenyewe, na hapo utafute bomba linalovuja, gata lililoziba, paa lenye tundu, au udongo uliorundikana nje hadi ukapita usawa wa sakafu.

Sababu hiyo ya mwisho husahaulika sana, pengine kwa kuwa udongo huongezeka taratibu, mwaka hadi mwaka, kwa bustani na kwa mvua inayouhamisha. Chumbani kwangu ukuta mmoja ulikuwa ukibabuka kila baada ya masika, na tiba yake ikawa sepetu: kuuondoa udongo hadi ukawa chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, na kuiinamisha ardhi ili maji ya mvua yaende mbali na msingi. Sikununua chochote. Ilibaki kuusubiri ukuta ukauke, na kusubiri huko ni kwa miezi wala si kwa wiki, kwani ukuta mnene ulioloa hutoa maji yake polepole. Ile chumvi huondolewa kwa brashi kavu. Ukiiosha, inayeyuka na kurudi ndani ya lipu. Kuvu nayo husafishwa kwa maji na sabuni, au kwa dawa ya klorini, mradi klorini hiyo isichanganywe kamwe na amonia wala na dawa ya choo yenye asidi, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua katika chumba kidogo.

Kuhusu nyufa, nyingi ni za lipu tu na hazina hatari. Ufa mwembamba kama unywele utanuliwe kwa ncha ya kisu hadi uwe na umbo la V, ufagiliwe vumbi, ulowanishwe kidogo, kisha ujazwe puti hadi ivimbe kidogo kupita usawa wa ukuta, kwa sababu puti husinyaa inapokauka; ziada huondolewa kwa msasa. Ufa mpana, ule unaoshuka kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, hauzibwi kabla haujachunguzwa. Weka alama ya penseli kwenye kila ncha yake, andika tarehe, pima upana wake, na urudi kuupima kila mwezi. Ukiwa unakua, au umepita milimita 5, mwite mhandisi, hata kama malipo yake yatameza bajeti yote ya rangi.

Sasa rangi. Kazi yenyewe ya kupaka ni fupi na ya kufurahisha. Maandalizi ndiyo yanayochosha, na ndiyo yanayoamua kama rangi itadumu. Ukuta wenye rangi ya mafuta inayong'aa haushiki rangi ya maji hadi ung'ao huo uondolewe kwa msasa. Kama nyumba ni ya zamani sana, jihadhari, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo rangi ya aina hiyo ipimwe kwanza, na isipigwe msasa mkavu. Lipu mpya ya saruji nayo iachwe ikauke kwa wiki 4 hivi, na mkono wa kwanza wa rangi uongezwe maji kidogo kwa kufuata maelekezo ya kwenye kopo, ili uzame ukutani badala ya kukaa juu kama ngozi.

Usinunue rangi kwa kukisia. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mzunguko wa mita 14, hivyo kuta zake ni mita za mraba 37.8, ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 34.5. Kwa mikono miwili ni 69, na kwa kuwa lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, lita 7 zinatosha. Ikiwa utahitaji makopo mawili, yachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, kwani makopo ya rangi ileile huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Penye kubana fedha, ngazi na drili niliazima, lakini brashi nilinunua nzuri: ile ya bei ya chini kabisa huacha nywele zake kwenye rangi na hairudiwi mara ya pili, ilhali nzuri, ikioshwa vema kila jioni, hudumu miaka.

Kuna kazi nyingine ambazo hazihitaji karibu chochote. Mlango unaokwaruza sakafu, kwa mfano, watu hukimbilia kuupiga randa, ilhali mara nyingi mlango wenyewe hauna kosa: umeinama kwa sababu skrubu za bawaba ya juu zimelegea kwenye mbao iliyolika. Egemeza mlango kwa kabari, toa skrubu moja, jaza tundu lake njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kuchovywa kwenye gundi ya mbao, ziache zikauke usiku kucha, kata zilizochomoza, kisha rudisha skrubu ileile. Itauma mbao upya, na mlango utainuka. Ukiupiga randa kwanza, umeondoa mbao ambayo hutaweza kuirudisha.

Nyaya za umeme zilizo ndani ya ukuta, mabomba ya gesi na kuta zinazobeba dari au ghorofa sizigusi, na sishauri mtu yeyote ambaye si fundi azibomoe au kuzifungua ili kuokoa fedha. Hizo ndizo kazi ninazoziwekea akiba, na fedha zisizotumika kwenye udongo, nyufa na bawaba ndizo hatimaye humlipa fundi mwenye leseni.