Embe dodo si la njano tu

Nimetoka gengeni sasa hivi, na embe moja limegoma kutoka kichwani: lazima nilichore kwa rangi.

Dodo, limepigwa na jua la saa tatu, limelazwa juu ya kanga ya zambarau.

Kwa haraka utasema ni la njano. Likodolee macho dakika mbili! Karibu na kikonyo bado kuna kijani. Shavuni, chungwa. Na tumboni, pale linapokaribia kanga, limeazima zambarau ya kitambaa.

Hiyo zambarau ndiyo uhai wa picha.

Wengi hutafuta kivuli kwa kutia nyeusi kwenye njano. Matokeo: kijani cha matope, embe linaonekana limeoza. Nyeusi iache koponi. Chovya zambarau kwa ncha ya brashi, changanya na njano nyingi, ongeza kidogo kidogo. Ikizidi inakuwa kahawia, na kurudi nyuma ni kumaliza kopo la njano.

Kwa wanaotumia rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi, kama alivyofanya mchoraji Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960: paka usuli (rangi ya nyuma ya picha) kwanza, uache ulale hadi kesho. Ukiwahi kupaka juu yake, rangi inajikunja kama utando wa maziwa. (Masika, ongeza siku.)

Kikonyo kichore mwisho, mkupuo mmoja.

Haya, jikoni kwenu leo kuna rangi gani? Tupieni picha hapa, hata ya bamia.