Siku yangu ya kufundisha kroshia kwa vitambaa vya vyombo

Saa kumi na mbili asubuhi. Natoka nyumbani Kondele mapema, jua la Kisumu halijawa kali. Kikapuni nina nyuzi za pamba, sindano za kroshia za milimita 5, mikasi na tepu ya fundi. Chai nitanywa kibandani.

Saa mbili. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye. Wateja wa asubuhi huulizia vitambaa vya makochi, vile vyeupe vinavyopamba sebule nyingi za kwetu. Navipenda sana, ila simwanzishii mwanafunzi hapo. Uzi wake ni mwembamba na kazi ni ndefu. Mtu huchoka kabla hajaona matunda. Namwanzishia kitambaa cha kuoshea vyombo: ni mraba wa inchi nane hivi, hakina mkono wala shingo ya kupima, na hata kikipinda kidogo kitaosha sufuria.

Saa nne. Wanafunzi wameingia: wasichana wawili waliomaliza shule, na mama anayeuza omena. Utaratibu wangu ni kitambaa kimoja kwa mshono mmoja. Cha kwanza ni singo tupu, yaani mshono mfupi wa msingi: unafuma cheni 26, yaani vitanzi vinavyofuatana, unaanzia cheni ya pili kutoka kwenye sindano, unapata singo 25. Mwisho wa mstari, cheni moja, geuza, endelea. Cha pili ni hafu dabo, mshono mrefu kidogo kuliko singo, cha tatu dabo, mrefu zaidi. Mpaka mraba utimie, mkono umeshauzoea mshono huo.

Saa sita. "Mwalimu, mbona changu kinageuka pembetatu?" mama wa omena ananiuliza.

Swali zuri kuliko yote. Kwenye dabo, cheni tatu za kugeuzia huhesabiwa kama mshono wa kwanza. Kwa hiyo unaruka mshono ulio chini yake, halafu ukirudi mwisho wa mstari lazima ufume juu ya zile cheni tatu za mstari uliopita. Ukiziacha, kila mstari unapungua mshono mmoja na ukingo unaingia ndani. Nampa vipande vya uzi mwekundu afunge kimoja kwenye cheni ya tatu kila anapogeuza, ajue pa kumalizia. "Fumua tu, mama, uzi wa pamba hauharibiki." Anafumua, anahesabu kwa sauti, na ukingo unanyooka. Hapo mimi hufurahi kweli.

Saa nane. Ugali na sukuma. Msichana mmoja ananionyesha maelezo kwenye simu. Namwambia atazame kwanza yametoka wapi, maana majina ya mishono hutofautiana: dabo ya Uingereza ndiyo singo ya Marekani.

Saa kumi. Mteja anataka vitambaa vya uzi wa akriliki, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Nakataa kwa upole. Akriliki hainywi maji vizuri, na ukishikia nayo sufuria ya moto inaweza kuyeyuka. Pamba hunywa maji na huvumilia kuchemshwa.

Saa moja usiku. Nyumbani naosha sufuria ya ugali kwa kitambaa cha singo na dabo zinazopishana, singo juu ya dabo, dabo juu ya singo. Vinundu vyake vinang'oa ukoko uliolowekwa vizuri zaidi kuliko kitambaa laini. Ndio mshono wa kesho: cheni 25 zitoe mishono 24, kwa sababu hesabu lazima iwe shufwa.