Kisio Kwanza, Alama Baadaye: Nilivyowasaidia Wanafunzi Wangu Kujiamini

Kila mgeni rasmi anayekuja kwenye mahafali ya shule yetu huwaambia wanafunzi wajiamini. Wanapiga makofi, wanakunywa soda, na kesho yake ukiuliza swali darasani vichwa vinainama vilevile. Siwalaumu. Kijana wa miaka 14 akiambiwa ajiamini, ana haki ya kuuliza: kwa lipi? Mimi ni mwalimu wa Baiolojia na wa malezi katika shule ya kata wilayani Ilemela, Mwanza, si mbali na mwalo wa Kirumba, ufuko wa Ziwa Victoria ambako wavuvi hushusha samaki, na hapa naeleza njia niliyoitumia na darasa la kidato cha pili, darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati.

Kwanza mjue wanatoka wapi. Shule ya msingi ya serikali wamesoma kwa Kiswahili miaka yote saba. Wakiingia kidato cha kwanza, Baiolojia, Jiografia, Historia, Hesabu, vyote vinageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anang'ara kule Igombe au Sangabuye anafika kwetu anakuwa bubu. Hajapoteza akili njiani. Amepoteza mdomo, na baada ya miezi michache anaanza kuamini kwamba na akili nayo imeondoka. Hilo la pili ndilo linaloniumiza.

Halafu kuna suala la heshima, ambalo walimu wageni hapa Usukumani hulisoma vibaya. Binti anayepiga goti kumwamkia mkubwa nyumbani, aliyefundishwa kutomkazia macho mtu mzima, akisimama mbele yako ataangalia sakafu. Ukimwandikia kwenye ripoti kwamba hajiamini, umeandika malezi ya mama yake ukayaita ugonjwa. Mimi nimejiwekea kipimo changu: nawasikiliza wakati wa mapumziko. Anayecheka na kubishana na wenzake chini ya mwembe lakini kwangu ananyamaza, huyo ana adabu na labda lugha haijamkaa. Anayenyamaza kotekote, huyo ndiye wa kukaa naye.

Umri wenyewe nao una mambo yake. Nilipokuwa chuoni pale Malimbe tulisoma habari za mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliyeandika mwaka 1967 kwamba kijana anayebalehe huishi na hadhira ya kufikirika: anaona kama watu wote wanamtazama yeye tu, chunusi yake, sketi yake iliyopauka, sauti yake inayokatika. Chuoni niliisoma kwa ajili ya mtihani. Darasani nikaiona kwa macho, kijana mzima anakataa kwenda ubaoni kwa sababu soksi zake hazifanani.

Sasa njia yenyewe. Kabla ya kukusanya karatasi za jaribio, kila mwanafunzi anaandika kwenye pembe ya juu alama anayodhani atapata kati ya 20. Pembeni yake anaweka tiki kwenye swali moja analoweza kumweleza mdogo wake likaeleweka. Nikishasahihisha, naandika alama halisi chini ya kisio. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake ana safu mbili, kisio na alama, na anazijaza mwenyewe. Kisio halina zawadi wala adhabu. Silisomi mbele ya darasa. Hilo la kutosoma ndilo roho ya jambo lote, maana siku utakayolitangaza, kesho yake watakuandikia unachotaka kuona.

Majaribio machache tu yalitosha kuonyesha sura ya darasa. Wavulana wa nyuma wenye kelele walikuwa wanaandika 17 na 18, wanapata 8. Wasichana wa dawati la tatu wanaandika 6, wanapata 13. Si wote, nina wavulana wanaojidharau na nina binti mmoja anayejiona profesa. Lakini kwa wengi ilikuwa hivyo, na mpaka hapo nilikuwa nawatibu wote kwa dawa moja: jiaminini.

Binti mmoja, ambaye mama yake anauza dagaa mwaloni kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, alikuwa anakisia 5 au 6 kila mara. Nikamwita ofisini saa ya mapumziko.

"Hapa umepata 13. Hizi nyingine zimetoka wapi?"

"Nilibahatisha tu, madam."

"Sawa. Nielezee swali la nne ulilobahatisha."

Akanyamaza. Nikamwambia aeleze kwa Kiswahili. Akaeleza jinsi chakula kinavyofyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa nini ukuta wake una vijinundu vyembamba kama vidole, kwa nini damu inapita karibu. Hakukosea hata mahali pamoja. Nikamuuliza kama huko ndiko kubahatisha. Akatabasamu akiangalia sakafu. Sikumsifia. Nilimpa daftari lake, nikamwambia aandike mwenyewe chini ya zile safu: swali la nne nalijua. Akaandika kwa herufi ndogo sana, pembeni kabisa.

Hapa nina mawazo yangu ambayo wenzangu wengine hawakubaliani nayo. Sifa zina kazi, lakini kazi yake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Albert Bandura, alipoandika mwaka 1977 juu ya mtu kuamini uwezo wake, alitaja vyanzo vinne: kufanya jambo ukaliweza, kumwona mwenzako wa hali yako akiliweza, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na jinsi unavyousoma mwili wako unapopata hofu. Chenye nguvu kuliko vyote, alisema, ni kile cha kwanza. Sisi walimu na wazazi tumekamatia cha tatu kwa sababu ni cha bure na hakichukui muda. Daftari la kisio linampa mtoto ushahidi wa kile cha kwanza, kwa mwandiko wake. Mimi nikihama kesho, ushahidi unabaki kwake.

Wale wa 18 walinipa kazi zaidi. Mmoja alikuja juu, akasema nimemwonea. Nikamkalisha tukapitia tiki zake za majaribio yaliyopita, moja baada ya nyingine, anieleze kama anavyomweleza mdogo wake. Ya kwanza akaanza vizuri akakwama. Ya pili hakuanza. Sikutaka kumvunja, maana ule ujasiri wake ni mali, darasa linamhitaji mtu wa kunyoosha mkono kwanza. Nilimwomba tu kwamba tiki aweke pale alipojaribu kueleza kwa sauti nyumbani, si pale alipoona neno analolifahamu. Makisio yake yakashuka hadi 11, alama zikapanda taratibu kuyafuata. Kelele haijapungua hata kidogo.

Baada ya hapo nikaona tuwapeleke mbele, lakini kwa mada wanazozimiliki. Ijumaa baada ya usafi, dakika chache, mwanafunzi mmoja anafundisha kitu anachokijua kutoka kwao. Kiswahili ruksa. Wiki inayofuata anarudia kilekile kwa Kiingereza, na wakati huo hofu imebaki ya lugha peke yake. Mmoja alifundisha kuziba pancha ya baiskeli. Mwingine, kutoka familia ya Ukerewe, alieleza jinsi ya kupika ugali wa muhogo usiwe na mabuja. Yule binti wa mwaloni alifundisha dagaa.

Alileta dagaa kwenye mfuko wa rambo, akawagawia kila dawati wachache. Akaanza akiwa anatetemeka, nikaona vidole. Nilikuwa nimeshawaambia moyo kwenda mbio si dalili ya kushindwa, ni mwili unajiandaa, lakini kusema ni rahisi. Akawaambia wamvunje mmoja. Akikatika mara moja amekauka, akipinda bado ana maji na ataozesha gunia zima. Akawaonyesha tofauti ya wale walioanikwa mchangani na wale wa kwenye vichanja: wa mchangani ukiwatafuna meno yanasaga, ndiyo maana bei yao iko chini. Halafu akafika kwenye taa. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, wanawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga hadi juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali, taa inakosa kazi kwa sababu ziwa zima lina mwanga, basi watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu.

Kijana wa nyuma, yule wa 18, akauliza kwa kejeli kwa nini dagaa ni mjinga hivyo. Binti akajibu bila kuniangalia: "Si mjinga. Chakula chake usiku kiko juu." Darasa likalipuka. Nami nikapata pa kuanzia somo langu lililofuata, la jinsi viumbe wanavyoitikia mwanga.

Mwalimu mwenzangu wa Hesabu ameiga yale makisio, ila analalamika kwamba siku hizi wanafunzi wanarudi na karatasi kudai swali fulani limesahihishwa vibaya. Namwambia alitazame hilo swali kwanza kabla ya kulalamika.

Kilichonichukua muda kukitatua kilikuwa nyumbani. Siku ya kikao cha wazazi mama wa yule binti alinifuata, tukaamkiana, akaenda moja kwa moja kwenye hoja. "Mwalimu, huyu mtoto mmempa nini? Juzi ananiambia mbele ya wateja, mama, hesabu yako ya sado siyo."

"Na ilikuwa siyo?"

"Ilikuwa siyo. Lakini mbele ya wateja!"

Alikuwa na haki. Kijana akishajua kwamba anajua, hatua inayofuata ni kujua lini aseme na aseme vipi, na mimi shuleni nilikuwa nimeshughulika na nusu ya kwanza. Tukamwita binti. Tulikubaliana kwamba kosa la hesabu atamnong'oneza mama kabla fedha hazijabadilishana mikono, na mama naye hatamkemea kwa kusahihishwa. Mama akaongeza lake. Kwa kuwa binti anajifanya fundi wa kukisia, basi kila asubuhi ya soko wote wawili watakisia watauza sado ngapi, jioni wahesabu.

Nilipokutana naye tena Kirumba nilimuuliza nani anaongoza. Alisema siku za giza mtoto anamshinda. Siku za mbalamwezi, dagaa wanapokuwa adimu na bei inarukaruka, mtoto bado hamwezi mama.