Ukoko wa Majengo

Mwaka 2019 nilifika Dodoma nikitokea Mwanza kwa mambo ya mirathi, na nilipopata upenyo nikaenda Majengo, kwenye hoteli ya mama mmoja. Zamani nilikuwa nakula kwake kila mchana, nikijifunza cherehani jirani na soko.

Enzi hizo lilikuwa banda la mabati tu, na mabenchi yanayotazamana. Ukikuta pamejaa, watu wanasogea bila kuambiwa, unakula umebanana na mbeba mizigo huku na karani kule. Chakula ni ugali wa uwele na mlenda, basi. Nyama ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Mlenda wenyewe ni wa majani yaliyokaushwa yakatwangwa, anatia nyanya, karanga za kusaga na magadi kidogo, anakoroga mpaka unavutika. Kuula kuna ufundi: unazungusha tonge kukata uzi, la sivyo shati ndilo litakalokula.

Wageni hupenda kututania na mlenda wetu. Wasichojua ni kwamba mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na mwaka mwingine zinakata njiani. Uwele unavumilia ukame, na majani makavu yanakaa ndani hadi kiangazi kikali. Aliyeibuni mboga ile hakuwa mjinga.

Basi nikafika. Banda hakuna. Pana vigae, feni, runinga ukutani, na wateja wenye vitambulisho vya kazi shingoni. Serikali ilikuwa imeshahamia, na Dodoma ilikuwa jiji tangu Aprili 2018. Kila mtu na meza yake. Nikamwagiza mhudumu, kijana wa watu, ugali wa uwele.

"Uwele ndiyo nini, kaka? Tuna sembe na dona."

Nilishaanza kununa pale mama mwenyewe alipotokea jikoni, kanenepa, miwani juu ya kilemba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Si wewe yule fundi wa kuniomba ukoko?"

Ni mimi. Nilikuwa na njaa isiyoisha, na ukoko wa chini ya sufuria ulikuwa nyongeza isiyolipiwa. Nikamuuliza kama bado upo.

"Upo. Anakula mbwa wa mlinzi."

Tulicheka mpaka wale wa vitambulisho wakageuka. Uwele haukuwepo kweli, wateja wake wa sasa hawautaki, lakini mlenda aliniletea, kwenye kibakuli kidogo cha udongo, kama kachumbari ya pembeni. Nilijiandaa kuukosoa. Nikashindwa. Karanga zilikuwa nyingi kuliko zamani na mchanga haukuwemo; zamani, tuseme ukweli, mchanga ulikuwemo. Kilichonikera ni kibakuli. Mboga iliyolisha mtaa mzima haifai kupimwa kwa vijiko.

Nikaagiza cha pili, kisha cha tatu. Mama akavuta kiti, akanisimulia nani kafa, nani kauza kiwanja akahamia Nala, na kodi ya fremu ilivyopanda tangu wafanyakazi wa wizara waje. Nilipoinuka nikajua atasema acha tu, mwanangu, leo ni ya kwangu.

"Elfu tisa," akasema. "Na unilipe mwenyewe, yule kijana hajui kurudisha chenchi."