Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa baraza la mafundi, Lubumbashi

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi baridi inaamka kabla ya watu. Umeme umerudi usiku wa manane, na kwa kuwa hakuna anayejua utakaa mpaka saa ngapi, siwezi kungoja jua. Navaa sweta, nabandika maji ya chai, nafungua kompyuta kabla hata ya kunawa uso. Foleni ya ukaguzi ina jumbe 187.

Mimi ni msimamizi wa baraza la mafundi kwenye intaneti. Wamo mafundi magari, wachomeleaji, mafundi umeme, wafungaji wa sola, watu wa Katuba, Kenya na Ruashi (mitaa ya hapa mjini, si ile nchi ya Kenya), hadi miji ya Likasi na Kolwezi. Wanaulizana kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani yake, na anayejua anamfundisha asiyejua bila kumdai kitu. Kazi yangu ni kuzuia maneno yao yasifukiwe na takataka.

Usiku ni wa mashine, yaani programu zinazojifanya watu. Zinajiandikisha kwa majina ambayo hakuna mzazi angempa mtoto, saa 8 na dakika 1, saa 8 na dakika 2, saa 8 na dakika 3, halafu zinamwaga: kamari, dawa za nguvu za kiume, mikopo, saa za bandia. Mara nyingi naulizwa ni nani atabofya tangazo la Kirusi katikati ya mazungumzo kuhusu pampu ya dizeli. Hakuna, na halikuandikwa ili mtu alisome. Google na wenzake huhesabu linki zinazoelekea kwenye tovuti kama ushahidi kwamba tovuti hiyo ina thamani, basi anayetaka kupanda juu anamwaga linki zake popote penye nafasi. Mwaka 2005 Google ilileta alama iitwayo nofollow, inayoambia mtambo wa kutafuta usiihesabu linki fulani, na Yahoo na Microsoft wakaiunga mkono. Baraza letu linaiweka kwenye kila linki ya mwanachama mpya. Mashine hazijali. Kumwaga mara milioni moja hakuzigharimu kitu, wala hazirudi kutazama kama kuna kilichoota.

Hizo nazifuta kwa mafungu. Zinazonichelewesha ni zile zenye adabu. Kuna moja imeandika tu, "Asante kwa maelezo mazuri, yamenisaidia sana." Haina linki, haina tangazo. Lakini maneno hayohayo, kwa herufi zilezile, yamewekwa chini ya swali kuhusu betri, chini ya swali kuhusu breki, na chini ya tangazo la msiba wa mwenzetu. Akaunti ya namna hii inalala wiki tatu, nne, kisha inarudi kuhariri shukrani zake na kuchomeka linki pale ambapo hakuna anayetazama tena. Naifunga. Kuona shukrani za mashine chini ya tangazo la msiba kunaniuma kila mara, sijazoea.

Saa 1 asubuhi

Niko ndani ya taksibisi kwenda Kamalondo, naendelea kwa simu. Watu wanane wanasubiri kuingizwa, na nawapitia mmoja mmoja.

Zamani mlango wetu ulikuwa na picha za kuchagua, zile za taa za barabarani na mabasi. Tuliziondoa. Zilikula mega za watu, hazikuonekana vizuri kwenye simu ndogo, na wenye takataka hizo walizipita hata hivyo, maana kuna watu wanaolipwa kutatua picha hizo siku nzima. Sasa tuna mitego miwili. Mmoja ni kisanduku kilichofichwa ndani ya fomu: binadamu hakioni, kwa hiyo anakiacha kitupu, lakini mashine inajaza kila kisanduku inachokikuta na hapo inajitaja yenyewe. Mtego huu hauna gharama, haumsumbui mtu mwema, na unakamata nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kujaribu.

Wa pili ni swali letu kuhusu bukari, ugali wa hapa kwetu: bukari inapikwa na unga gani? Nililitunga mwenyewe, nikaweka jibu moja, mahindi. Baada ya siku chache mzee mmoja akanipigia simu kwa hasira kwamba amekataliwa mara tano. Alikuwa ameandika muhogo. Mwingine, anayechanganya unga nyumbani kwake, alikuwa ameandika vyote viwili. Leo swali linapokea mahindi, muhogo, na mchanganyiko, kwa tahajia zote ninazoweza kufikiria. Yule mzee ndiye anayejibu maswali magumu ya injini kuliko wote barazani, na tulikaribia kumwacha nje kwa sababu ya unga.

Saa 3 asubuhi

Kijana ninayemfundisha kazi ananiita kwa jina la heshima tunalompa mkubwa hapa. "Yaya, hii neno niliikataza, mbona imepita?"

Natazama. Neno ni casino, limo kwenye orodha yetu ya maneno yaliyokatazwa, na bado limekaa juu ya ukurasa. Namwambia alinakili, alibandike pembeni, kisha aulize kompyuta herufi moja moja. Herufi ya pili si a yetu. Ni а ya alfabeti ya Kirusi, ambayo kwa jicho ni ileile kabisa ila kwa kompyuta ni herufi nyingine yenye namba nyingine. Anaitazama muda mrefu, anaikuza mpaka inajaza kioo, bado haoni tofauti. Tunaandika kanuni mpya: neno moja likichanganya alfabeti mbili, lisimame kwanza.

Ananiuliza ni nani aliyeanza mambo haya. Namsimulia kuhusu Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, ambaye tarehe 3 Mei 1978 alituma tangazo moja la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, bila wao kuomba.

"Watu 400 tu?"

Watu 400 tu, na walikasirika sana.

Saa 5 asubuhi

Huu ndio ujumbe ninaouogopa, na leo umekuja. Hakuna linki, hakuna herufi ya Kirusi, hakuna neno lililokatazwa. Umeandikwa kwa Kiswahili cha hapahapa, na mtu anayetujua: mgodi fulani upande wa Kolwezi unatafuta madereva wa malori na wachomeleaji, kazi inaanza Jumatatu, malazi yapo, dosye (faili la maombi) ni dola 15 kwa pesa ya simu, mwisho leo saa 10. Chujio, programu yetu inayozuia takataka, limeupitisha bila wasiwasi. Chini yake watu 11 wameshashukuru. Mama mmoja ameandika kwamba mwanawe ana cheti cha ufundi na amekaa nyumbani miaka miwili, anaomba ahifadhiwe nafasi mpaka atakapouza kuku.

Kwa hamaki ningeufuta palepale. Nimejifunza kutofanya hivyo, kwa sababu aliyekwisha kunakili namba ataona tu kwamba tangazo limetoweka, atadhani nafasi zimejaa, na atakimbilia kulipa. Kwa hiyo nauacha mahali pake, nafuta namba ya simu, nafunga akaunti, na juu yake naandika kwa herufi nyekundu: huu ni wizi, msitume pesa. Kisha naeleza kila alama. Mwajiri wa kweli anakulipa, hakulipishi. Anwani ya barua pepe ni ya bure, ile ambayo mimi na wewe tunaifungua kwa dakika mbili. Muda umekatwa mfupi ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu.

Halafu nawaandikia wale 11 mmoja mmoja, faraghani. Kumi wanajibu kabla ya saa 7. Mama wa kuku hajauza. Wa kumi na moja alikuwa ameshatuma dola 15 asubuhi, alizokopa kwa shemeji yake. Namwelekeza aende kwa wakala wa pesa ya simu leo hii, aripoti namba hiyo, achukue na karatasi ya muamala. Kama pesa imeshatolewa upande wa pili, hairudi, na sikumficha hilo.

Saa 8 mchana

Bukari na kapenta, vile vidagaa, dakika kumi na tano.

Saa 9 alasiri

Kila siku saa hii nafungua sanduku la vilivyozuiwa. Chujio letu linapima maneno kwa hesabu inayotokana na Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18: kila neno linabeba uzito kulingana na mara ngapi lilionekana kwenye takataka na mara ngapi kwenye ujumbe mwema. Ni hesabu nzuri, ila haimjui mtu. Ndani ya sanduku nakuta ujumbe wa jana jioni, saa 12, wote kwa herufi kubwa:

CHUPA YA ASETILINI IMETOKA LIKASI IMELALA NDANI YA GARI NAWEZA KUWASHA LEO? NIPIGIENI

Halafu namba ya simu. Akaunti mpya, herufi kubwa, namba, neno "leo": kwa chujio ni tangazo. Kwa mchomeleaji yeyote asetilini ni gesi ya kuchomelea, na hili ni swali lisilongoja. Nikapiga simu, mkono haujatulia.

Alikuwa amewasha. Asubuhi, baada ya kungoja usiku kucha bila jibu na mteja amesimama mlangoni. Mwali ulitema, ukabadilika rangi, majimaji yakaingia kwenye mpira wa gesi, akafunga haraka. Hakuungua. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, "Nilifikiri hamujibu watu wapya."

Nimeomba radhi, na nimeutoa ujumbe wake hadharani, namba ikiwa imefichwa tarakimu nne za mwisho ili wezi wa asubuhi wasiipate. Ndani ya dakika sita mzee wa muhogo akajibu: ndani ya chupa ile kuna kitu kama sponji kilicholowa asetoni, na gesi imeyeyuka humo. Chupa ikilala, asetoni inasogea mpaka kwenye vali. Isimamishe wima masaa mengi kabla ya kuigusa, na kama hujui imelala muda gani, ipe siku nzima.

Saa 11 jioni

Nimekaa na kijana tukibadilisha kanuni. Mwanachama mpya akizuiwa, mmoja wetu aarifiwe kwa simu wakati uleule, hata usiku. Maneno kama gesi, chupa, moto, umeme na damu yakiwemo, ujumbe uende kwa binadamu kwanza, uzito wowote uwao. Takataka zaidi zitapita, najua. Nitazifuta kwa mkono.

Saa 2 usiku

Niko nyumbani, umeme umekatika, simu ina asilimia 31. Ujumbe mpya unaingia:

CHUPA IMESIMAMA. KESHO NITAWASHA. NA MPIRA ULIOINGIA ASETONI NIUTUPE?

Umepita moja kwa moja. Mzee tayari anaandika.