Choo Unapataje, Mama?

Juzi mwanafunzi wa uuguzi kaniuliza, "Dada, mgonjwa wa tumbo tunamkagua sehemu za siri za nini?" Nikamkumbuka yule mama.

Alikuwa ameshatibiwa magonjwa ya zinaa, yeye na mumewe, dozi juu ya dozi. Kaswende hana, VVU hana, uvimbe wa sehemu za siri uko palepale.

Mimi nilimshikia daktari taa. Shavu moja la uke limevimba, gumu, la pili halina neno. Kwenye mkunjo wa kinena kuna kidonda kirefu, chembamba, kimenyooka kama mkato wa wembe. Kidonda cha kaswende kwa kawaida ni cha mviringo na hakiumi. Hiki kilimnyima hata kukaa. Daktari akauliza taratibu, "Choo unapataje, mama?" Akatazama ukutani. Kisha yakamtoka: kuharisha miaka mingi, tumbo kusokota, mwili kwisha, vinyama kuota kwenye njia ya haja kubwa. Akaulizwa pia kama upepo au kinyesi hupitia ukeni. Hapana. Swali hilo lazima liulizwe, maana fistula, yaani tundu kati ya utumbo na uke, ikiletwa na ugonjwa wa utumbo humpata hata asiyewahi kuzaa.

Vipande viwili vya nyama vikachukuliwa ukingoni mwa kidonda, maana katikati ni nyama iliyokufa. Kimoja kikawekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kingine kwenye maji ya chumvi kwa kipimo cha TB, kwani formalini huua vijidudu na haviwezi tena kuoteshwa. Majibu: granuloma, yaani vifundo vidogo vya chembe za kinga, zisizo na nyama iliyooza katikati, TB hakuna. Kamera ya utumbo ikaonyesha vidonda vya hapa na pale, katikati yake utumbo wenye afya. Crohn. Ugonjwa wa kudumu wa utumbo, umejitokeza kwenye ngozi isiyogusana na utumbo.

Ilibidi kwanza ihakikishwe kwamba hana TB, kwa sababu prednisoloni, dawa inayotuliza kinga ya mwili, huiamsha TB iliyolala, na infliksimabu, dawa ya dripu ya kutuliza kinga, zaidi. Akaanzishiwa prednisoloni na metronidazoli, dawa ya kuua bakteria. Kidonda kikafunga, uvimbe ukapungua, haukuisha. Baadaye vidole vya miguu vikaanza ganzi, metronidazoli ikasimamishwa, kwani ikitumika muda mrefu huumiza neva. Ndugu wakataka uvimbe ukatwe. Daktari akakataa: ugonjwa ukiwa bado umewaka, mshono unaweza usifunge kabisa.

Infliksimabu, miligramu 5 kwa kila kilo, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, ndiyo aliyoandikiwa. Bei yake familia haikuimudu. Kama angeulizwa habari za choo mapema, huenda shavu lile lisingekakamaa. Huenda. Crohn haina mwendo mmoja.